Antena Iliyokatiza Habari za Mjukuu Wangu

Makongeni, Nairobi
Agosti 1999

Kwa Mhandisi Mkuu wa Antena,
Kiwanda cha Simu za Kukunja, huko ng'ambo,
kupitia kwa wakala wake wa mjini.

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote mnaoshinda mkiumiza macho juu ya vidude vidogo. Mimi ni Lenah Kweyu, mshonaji na katibu wa kina mama wa kanisa letu, na sijawahi kumwandikia mtu wa ng'ambo mpaka leo.

Binti yetu Marion ameolewa Kibwezi na Mativo, kijana wa adabu. Juma lililopita alikuwa karibu kujifungua mjukuu wetu wa kwanza. Kwa kuwa nyumba yetu haina simu, shemeji yangu Mulongo wa Donholm alituazima simu yake mpya ya kukunja, ili Mativo atupigie kutoka kibanda cha simu kilicho karibu na hospitali. Mulongo aliileta mwenyewe, ameishika kama yai. "Shemeji, kumbuka kuvuta antena kwanza," akaniambia. "Bila antena, hiyo ni sabuni tu."

Sasa naomba unisikilize.

1. Simu yenu ikikunjwa, haisikii. Tuliikunja kama tulivyoagizwa, na kila tulipoifungua tulikuta vile vistari vya mtandao vimebaki kimoja, nacho kinatetemeka. Ikabidi tuiache wazi mchana kutwa juu ya kabati, antena imesimama, kama Biblia inayongoja msomaji. Nauliza kwa unyenyekevu: bawaba mliiweka ya nini?

2. Nilimpelekea Irungu, anayetengeneza redio kando ya Jogoo Road. Akaifungua, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mathe, antena inataka nafasi ya kupumua. Hapa ndani imebanwa na betri, spika na hii bawaba. Ukiikunja, mwili wote wa simu unabadilika, antena inachanganyikiwa. Na ukiishika, mkono wako unaifunika."

"Sasa niishike wapi?"

"Hapo ndio kuna noma."

Mheshimiwa, mlimuundia nani asiye na mkono? Mume wangu Kweyu alijifunza kuishika kwa ncha za vidole, kama chapati inayotoka kwenye moto.

3. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi baada ya chai simu ililia. Kweyu akaidaka, nasi tukamzunguka: mimi, Mirriam mke wa Wachira wa mlango wa pili, na Adoyo anayeuza samaki hapa nje. Tukamsikia Mativo waziwazi: "Baba, Marion amejifungua m—"

Basi. Nilikuwa tayari nimepiga kigelegele, Kweyu ameruka juu, na alipotua hapakuwa na sauti tena. "Hallo?" akaita. "Hallo, mkwe! M gani?"

Mheshimiwa, lugha yetu haina huruma hapa. Mvulana ni m. Msichana ni m. Adoyo akasema hata mapacha ni m, akaenda kununua leso mbili. Kweyu aliwatangazia wenzake wa karakana ya reli kwamba ni mvulana, wakamwimbia. Mimi nilitangaza kanisani kwamba ni msichana, tukatoa sala ya shukrani ambayo sasa sijui ilimhusu nani. Mirriam, aliyekuwa akifuma sweta, amefuma mkono mmoja wa samawati na mwingine wa waridi. Mimi na Kweyu tunakula ugali bila kutazamana, maana kila mmoja ana jina lake tayari. Na zipo m nyingine, Mheshimiwa, ambazo mzazi hathubutu kuzitamka. Hizo nimezibeba peke yangu, nikishona.

4. Irungu ananiambia mnajitetea kwamba nafasi ndani ya simu ni ndogo. Nafasi ndogo mnaijulia wapi? Chumba chetu kina kitanda, kabati, cherehani, jiko, na mwezi uliopita kilipokea wageni watano kutoka Butere. Na katika kubanana huko kila mtu husikia kila kitu. Mazungumzo ya Mirriam na Wachira hupenya ukuta yakiwa na vistari vyote. Naomba uwalete wahandisi wako wakae kwangu mwezi mzima. Watalala nyuma ya pazia. Watajifunza kwamba anayesikiliza habari haketishwi chini ya godoro, huketishwa dirishani.

5. Wakishindwa, antena itolewe nje kabisa. Iwe ndefu kama mlingoti wa televisheni, isimikwe juu ya paa. Simu ifungwe ukutani chini yake, ikatazwe kukunjwa. Kwa kuwa haitasogea tena, iunganishwe kwa waya. Na kwa kuwa waya hukatika, mmwajiri mtu mwaminifu wa kupanda gari moshi mpaka Kibwezi, amtazame mtoto kwa macho yake, arudi kutuambia. Hapo mtakuwa mmefaulu kuunda simu kamili.

Wasalimie mafundi wako wote na jamaa zao. Kweyu anakusalimu kwa shingo upande. Mulongo naye anakusalimu, na anauliza simu yake itarudi lini.

Ni mimi ningojaye silabi zilizobaki,
Lenah Kweyu

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, simu imelia. Ilikuwa imekunjwa, antena ndani, chini ya makoti kitandani, nayo ikalia kama kengele ya kanisa. Ni Mativo! Msichana, mzima wa afya, na Marion anakunywa uji akilalamika hauna sukari. Nimekaa chini nikalia kidogo. Nilipomuuliza mbona Jumamosi simu ilikatika, akasema, "Mama, nilisikia kigelegele, halafu kofi moja kubwa. Nikajua mmeshangilia, nikampisha mwenzangu kwenye foleni."

Kofi? Nikamtazama Kweyu. Kweyu akatazama viganja vyake. Mirriam anasema alimwona akiruka na kuifunga simu kwa mikono miwili, pwaa! kisha akaifungua na kuanza kuita hallo. Ila alidhani simu za kukunja ndivyo zinavyoshangiliwa.

Basi, Mheshimiwa, antena msiiguse. Lakini kama hapo kiwandani kuna mhandisi wa mikono ya waume, mtume upesi. Kweyu ameanza kucheza tena, na simu iko mkononi mwake.