Maziwa ya Bure ya Povu

Redio ya Wembe, kinyozi wetu, ndiyo iliyochokoza. Ilitangaza kwamba vituo vya kukusanyia maziwa vimepata kidude kinachogundua dawa za ng'ombe ndani ya maziwa kwa dakika tatu tu.

"Uongo mtupu," Wembe akasema, mkasi hewani. "Mke wangu ananinusa pombe mwaka wa kumi huu, na hajapatia hata siku moja."

"Kwetu kipo tangu Jumatatu." Huyo ni Maabara, mpokea maziwa kituoni, mtu ambaye hata chumvi huikagua kabla ya kuilamba. "Unachovya kijiti. Mistari miwili, maziwa safi. Mmoja, yana dawa. Vijiti ninavyo mfukoni."

Kisigino, fundi viatu, hakucheka. Alikuwa akijikuna shingo. Siku ya tatu hiyo upele umemtapakaa, na alishamlaumu mkewe kwamba kabadilisha sabuni. Jana mama wa watu kafunga virago, karudi kwao.

"Tuanze na ya Povu," nikasema, maana uchokozi nimezaliwa nao. Povu ni mfugaji. Siku nne mfululizo alituletea maziwa ya bure ya chai, nasi tulimsifu mpaka tukaishiwa maneno.

Povu, aliyeketi nasi benchini, akalivuta kwake dumu la maziwa ya siku hiyo. "Jamani, hata ya bure yanapimwa?"

Maabara alishachovya. Tukakiinamia kijiti sote. Ukatoka mstari mmoja.

"Jamii ya penisilini," Maabara akasema. "Tena si haba."

"Lakini si tunayachemsha?" Wembe akauliza.

"Dawa hiyo moto hauitishi."

Kisigino akaacha kujikuna. "Kadi yangu ya hospitali imeandikwa kwa wino mwekundu nisipewe kitu hicho."

"Ng'ombe alivimba kiwele," Povu akajitetea. "Daktari wa mifugo kamdunga sindano, kaniambia siku tano nisiuze maziwa. Haya, niliyemuuzia hapa anyooshe mkono."

Hakunyoosha mtu.

"Kuyamwaga kuliniuma roho. Nikaona bora wanywe rafiki zangu."

Kisigino akamshika ukosi. "Inuka. Unakwenda kumweleza mke wangu kwamba sabuni haina kosa."

Povu akainuka. "Nakwenda, ndugu yangu, kosa ni langu. Yuko peke yake?"

"Yuko na mama yake."

Povu akakaa tena, akalishika benchi kwa mikono miwili.

"Basi nipelekeni polisi."