Umoja wa Vimelea Katika Mashamba Sitini

Dada yangu, kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango wa maabara. Usimwonyeshe mtu karatasi hii, hata shemeji. Namheshimu sana, lakini hajui kunong'ona. Ikijulikana imetoka kwangu, kazi sina. Ni hotuba ya bosi wetu wa ofisi ya mifugo, aliyoitoa leo asubuhi ukumbini mbele ya wafugaji. Nimeiandika neno kwa neno, pamoja na makofi, kwa kuwa mwenyewe ameagiza makofi yaingie kwenye kumbukumbu.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani; waheshimiwa wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo na wasaidizi wa makaimu; ndugu wafugaji, ndugu wanywa maziwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

"Nimesimama hapa, kwa unyenyekevu ambao wengi wamekuwa wakinisifia, kuwasilisha matokeo ya Mradi Mkakati Shirikishi wa Utofauti wa Vinasaba vya Vimelea vya Ndama, ambao kwa lugha nyepesi, kwa faida ya wale wasiobahatika kuhudhuria semina nilizohudhuria mimi, unahusu wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi matumboni mwa ndama, ambao baadhi yao hubaki humo humo kwa adabu zao, na wengine huvuka wakaingia kwa binadamu wakamfanya asitoke chooni. (Minong'ono. Mzee mmoja anaacha kutafuna.)

"Swali la kisayansi lilikuwa: hapa kwetu tunao wa aina gani? Nikaunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na kamati ndogo ikaazimia sampuli mia nne za kinyesi kutoka mashamba sitini, na leo natamka kifua mbele kwamba sampuli mia nne tunazo! (Makofi, yakiongozwa na dereva wa ofisi.) Na matokeo? Ndugu zangu, wenzetu kwingine wakipima wanakuta vimelea vimegawanyika, kila zizi na ukoo wake, fujo tupu. Sisi, sampuli zote mia nne zimefanana kwa asilimia mia moja! Si tisini na tisa, mia! Vimelea vyetu vina umoja ambao hata vyama vya ushirika vinautamani! (Vicheko. Makofi marefu.) Tena ni aina ile yenye adabu, isiyovuka. Kwa hiyo natangaza kwamba kuanzia leo ndama wote ni salama, na habari za kunawa mikono kila mtu akitoka zizini tumezifunga rasmi! (Watoto wanashangilia. Bibi mmoja mwenye ndama watano anasimama bila kupewa kipaza sauti: 'Samahani, mwanangu. Mjukuu wangu anaharisha wiki ya tatu, na ndama wangu vilevile. Sasa ni ndama au si ndama?')

"Swali zuri mno, Bibi, hongera kwa kuuliza. Sampuli mia nne zimesema si ndama. (Bibi: 'Lakini kwangu hakuja mtu.') Hakuja mtu, Bibi, ilikuja sayansi! (Makofi. Bibi haketi.)

"Sasa, mimi si mtu wa kusahau fadhila, na ukurasa wa shukrani huwa nauandika mwenyewe. Namshukuru dereva wetu, ambaye angetuzungusha mashamba yote sitini kama gari lingekuwa na magurudumu. (Dereva anainua mkono.) Nawashukuru wakusanya sampuli kumi na wawili, ambao tutawaajiri mara nafasi zikitangazwa. Namshukuru mlinzi wa getini kwa kututolea ndama wake, na ndama mwenyewe, aliyejaza vichupa vyote mia nne kwa siku nne, bila hata kikao. (Kicheko kimoja, halafu ukumbi mzima.) Namshukuru mtaalamu wa maabara aliyetupimia kichupa kimoja, na karani wangu mwenye mwandiko mzuri, aliyelinakili jibu hilo mara mia tatu tisini na tisa. Umoja wa vimelea! (Oyee!) Ndama salama! (Bibi: 'Ndama wa nani?') Asanteni kwa kunisikiliza, na Mungu akipenda, mradi wenyewe utaanza mwakani!"

Dada, mtaalamu wa kichupa kimoja ni wewe, na mwandiko mzuri ni wangu. Niliambiwa ni mazoezi ya kujaza fomu. Ukumbi ulipotawanyika nilimfuata Bibi hadi zizini kwake. Vichupa viwili nilivyokutumia pamoja na karatasi hii, ndani ya soksi, si vya ndama wa mlinzi: chenye uzi mwekundu ni cha ndama wa Bibi, chenye uzi mweupe ni cha mjukuu. Tazama kama vimelea vinafanana.

Usiniandikie, bosi hufungua barua zote, na ukurasa wake wa shukrani bado una nafasi. Usipige simu ofisini. Anapokea mwenyewe, naye hupenda kuzungumza. Mpigie fundi viatu anayekaa mkabala na geti letu, namba iko nyuma ya karatasi hii. Visipofanana, mwambie, "Viatu vya karani vinamtosha." Vikifanana, mwambie, "Vinambana." Hatauliza kitu, atanicheka tu. Akiniambia vinabana, nitapita getini mchana kweupe na mche wa sabuni mkononi, nielekee kwa Bibi, hata bosi awe amesimama dirishani.