Mkokoteni wa Kabla ya Futari

Jumatano, 23 Ramadhani

Mwezi wa tatu tangu niondoke Sbeitla. Bado napogoa mizeituni ya watu hapa Teboursouk. Mikono imekauka kama magome. Baba yake Wassila amepiga simu. Usiku wa ishirini na saba, yaani Jumamosi jioni, nifike kwao Sbeitla na zawadi ya mchumba wangu Wassila, kama desturi. Sikukuu iliyopita nilipeleka machungwa, nusu yameoza. Nikikosa safari hii, narudishiwa pete. Zawadi ninayo: mahameli nyekundu, chini ya godoro. Lakini nimechoka kuingia kwa wakwe kama kibarua. Nitaingia kama tajiri!

Wageni wanaosafiri wenyewe hushuka njia panda, hupanda kwa miguu kwenye magofu ya Kirumi ya Dougga, hurudi jioni kutafuta gari. Mwezi huu jioni hakuna gari. Madereva wote wamekimbilia futari. Mwenye mkokoteni saa hiyo ni sultani. Nimemwomba Bi Zohra, mjane jirani, punda wake na mkokoteni. Ametaka rehani. Nimempa mahameli. Lazhar, dereva wa teksi ya abiria, ameniuliza mbele ya stendi nzima kama punda naye kafunga. Mshenzi.

Ijumaa, 25

Nimepata wageni! Mume na mke, mifuko mikubwa mgongoni. Wamekubali bei bila kubisha, nikajuta sikutaja zaidi. Nusu ya njia, adhana. Punda akasimama, akageuka, akatimua mbio nasi. Kumbe Bi Zohra humlisha adhana ikilia. Nilivuta hatamu, nilitukana, nilibembeleza. Akatufikisha mlangoni kwa mjane.

Bi Zohra akawashusha, akawapa tende. Nikasema hawa ni abiria wangu.

"Mwanangu, abiria gani saa ya futari? Hawa wageni wa Mungu. Nenda kanawe."

Nani atadai nauli mbele ya sinia? Wakakalishwa juu ya kitambaa kizuri kuliko vyote nyumbani. Mahameli yangu. Mume akaimwagia bakuli zima la shorba, supu ya futari. Ilikuwa shorba tamu, hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jumamosi, 26

Lazhar ameondoka adhuhuri kwenda Sbeitla. Alinishikia kiti. Wale wageni nao walitaka kuona magofu ya kwetu, na zaidi ya changu kilibaki kiti kimoja tu. Akili ikanijia. Nikawauzia changu, mara mbili ya nauli, ninunue mahameli mpya na kufuata na gari la jioni. Lazhar hakucheka, mara ya kwanza.

"Ndugu yangu, hiki ni kiti cha kwenda kwa mchumba. Usikiuze."

Nikamwambia asinifundishe biashara.

Mahameli nimepata, nzuri kuliko ile. Jioni nikafika stendi. Paka wawili na mfagiaji. Madereva wote wamekimbilia futari.

Jumapili, 27

Baba yake Wassila amepiga simu. Jana aliwakuta wageni wawili stendi ya Sbeitla adhana ikikaribia, akawachukua kwake pamoja na dereva wao. Lazhar akaeleza nani aliwauzia kiti. Watu wamecheka hadi wamelia. Wassila hakucheka. Pete imeshapelekwa kwa mama yangu.

Kosa ni la punda. Kuelekea Idi Kubwa madereva watakuwa minadani wakitafuta kondoo, na wageni watajaa njia panda. Kuna mtu ana nyumbu wa kukokota mkokoteni. Rehani ninayo, mahameli mpya kabisa. Mama aitunze pete. Nitafika Sbeitla mkesha wa Idi, kwa gari la jioni.