Namba Moja Inatosha Nyumba Nzima

Jumanne, 2 Machi 1999

Leo nimeunganisha kompyuta mbili. Mimi! Loice, ambaye shuleni nilikuwa naogopa hata kuomba chaki. Moja iko sebuleni kwetu, nyingine iko kwa nyanya yangu, Kogo, ng'ambo ya boma la ng'ombe. Waya unapita juu ya paa la boma. Mashine zote mbili zilitupwa na kiwanda cha chai ambako Baba alikuwa karani. Zinanguruma kama posho mill ikisaga mahindi, lakini ni zetu.

Sababu: Bwana Omwenga, katibu wa ushirika wa maziwa hapa Roret, anatafuta mtu wa kutunza kompyuta sita za ushirika. Atakuja Jumamosi kuona kazi yangu. Ujumbe ukitoka sebuleni ukafika kwa Kogo, kazi ni yangu. Usipofika, naenda Mulot kwa shangazi Elmina kuuza chakula cha kuku. Shangazi ameshanishonea aproni.

Nitatumia anwani za kisasa kabisa. Binamu yangu Kiptum amenitumia sidii na jarida kutoka chuo kikuu. Kila kompyuta hupewa anwani ili ujumbe ujue pa kwenda. Anwani za zamani zinaelekea kuisha. Hizi mpya ni ndefu, zina namba na herufi, na ni nyingi kuliko majani yote ya chai ya Kericho na Bomet.

Nimechagua moja.

Jumatano, 3 Machi

Nimeweka anwani! Mwishoni nimeandika 417, namba yetu ya chai. Chai ya Baba, ya Mama na ya Kogo hupimwa kituoni kwa 417, na haijawahi kupotea hata kilo. Nyumba moja, namba moja. Kwa hivyo kompyuta zote mbili zimepata anwani ile ile. Safi sana.

Ya sebuleni imekubali. Ya Kogo imeandika kwamba anwani hiyo tayari ina mwenyewe.

Najua. Mwenyewe ni sisi!

Alhamisi, 4 Machi

Phelix Ajwang amepita. Baba yake ni fundi kiwandani, walikuja kutoka upande wa ziwa. Phelix ana cheti cha kompyuta cha Kisumu na anaitaka kazi hiyo hiyo. Alitazama mashine zangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, injinia Loice, posta ikiwa na masanduku mawili yenye namba moja, barua itaingia lipi?

Nilitaka kumwambia kwamba ukoo wetu mzima hutumia sanduku moja na barua zote hufika. Nikaenda kuangalia ng'ombe mpaka akaondoka. Lakini ni jibu zuri, ndiyo maana nimeliandika.

Eti nibadilishe moja iwe 418. Hiyo ni namba ya Mzee Kipkurui, jirani! Tumekosana naye juu ya mpaka tangu nikiwa darasa la tatu. Tumpelekee ujumbe wetu?

Wivu tu.

Ijumaa, 5 Machi

Nimebadilisha waya. Ng'ombe amekula kipande. Nimebadilisha tena. Bado kimya.

Kogo alinihurumia. Akasema hakuna anayeitika kabla ya kupewa jina. Akaketi mbele ya mashine yake, akaanza kuita majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kama anavyofanyiwa mtoto mchanga mpaka apige chafya kwenye jina analolitaka. Kwenye jina la nne mashine ikalia piii! Ni kweli kiwiko cha Kogo kilikuwa juu ya vibonye. Chafya ni chafya. Sasa inaitwa kwa jina la shangazi yake Kogo, aliyekuwa mkaidi sana.

Jumamosi, 6 Machi

Bwana Omwenga alifika saa nne. Nilivisalimia viatu vyake. Phelix naye akaja, amefunga tai!

Wakaenda wote kwa Kogo. Mimi nikabaki sebuleni, nikaandika: KARIBU BWANA OMWENGA. Nikatuma. Kimya. Nikatuma mara tisa. Nikaiona ile aproni.

Kumbe kule Bwana Omwenga alikuwa ameshachukua kofia yake. Kogo akamwambia akae, shangazi yake hakuwahi kuitika mara ya kwanza. Phelix akashindwa kuvumilia, akaketi, akabofya kidogo. Nikatuma mara ya kumi. Nikasikia Kogo akipiga vigelegele.

Bwana Omwenga akauliza nani ameleta anwani hizi mpya. Phelix akakohoa, akasema ukweli: si yeye, hata Kisumu hajawahi kuziona, ameongeza moja tu mwishoni. Kazi nimepewa mimi!

Alipokuwa akiaga, Phelix aliniambia kwa upole kwamba siri ni ile 418, nisisahau. Nilimwonea huruma. Hakuwepo Ijumaa wakati wa chafya.

Jumapili, 7 Machi

Kanisani mchungaji alinitaja. Nikajificha nyuma ya Mama, lakini nilifurahi.

Tulipofika nyumbani nikarudisha 417 kwenye mashine ya Kogo. Sitaki mambo ya Kipkurui kwetu. Tangu hapo hakuna ujumbe uliofika. Kogo anasema inapumzika, leo ni Jumapili.

Kesho naanza kazi. Kompyuta sita, ushirika mmoja. Anwani yao moja nimeshaiandika kwenye karatasi ndogo, iko mfukoni. Karatasi kubwa ya nini?