Uzio wa Pilipili Umeanza na Mimi

Jamani, nimeaibika Mloka, na video tayari iko kwenye grupu la kata. Bora mnisikie mimi kwanza.

Asubuhi bosi kanipigia: "Leo Mloka wakikataa tena uzio wa pilipili, kamba zote zinakwenda kijiji cha Ngorongo." Shirika letu linahifadhi tembo. Tembo nao wanahifadhi mahindi ya Mloka, matumboni. Kazi yangu mimi, Bwana Nyama wanavyoniita, ni kuwapatanisha.

Nikakusanya watu shambani kwa Bi Zuhura, ambaye msimu uliopita hakuvuna hata gunzi. Nikaeleza: unachanganya unga wa pilipili na oili chafu, unachovya matambara, unayatundika kwenye kamba kuzunguka shamba. Tembo akinusa, anageuza.

Bi Zuhura kanitazama. "Mnyama mkubwa vile, akimbie kiungo cha mchuzi?"

"Mama, hii ni sayansi." (Nimesoma chuo Morogoro, lazima watu wajue.)

"Mbona umevaa glavu, mwanangu? Unaogopa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi na sifa zangu, nikavua! Nikazamisha mikono kwenye ndoo ya mchanganyiko huku natabasamu. Jua kali, jasho likaniingia machoni. Nikajifuta.

Mama yangu wee!

Machozi yakabubujika. Katika maelezo nilikuwa nimefika kwenye hasara za wakulima, basi akina mama wakaguswa. "Masikini, ana huruma huyu!" Wakanipa pole. (Nikaipokea. Ningefanyaje?) Nikajifuta tena, nisionekane nalia. Kwa mikono ileile.

Hapo heshima ikaniponyoka. Nikakimbia katikati ya mahindi nikipiga mayowe, nikatumbukiza kichwa kwenye beseni la maji ya bata. Bata wakatawanyika. Mwenyekiti wa kijiji ananifuata na simu, anarekodi: "Pole, Bwana Nyama. Geuka kidogo huku."

Nilipoinua kichwa, uso umeumuka kama andazi. Nikajua basi, kamba zimekwenda Ngorongo.

Kumbe Bi Zuhura anaitazama ile ndoo kwa heshima ambayo mimi sijawahi kupewa. "Huyu kajigusa jicho tu, kakimbia hivi," akawaambia wenzake. "Je, yule anayekula kwa pua? Leteni kamba, tuanze na shamba langu."

Kijiji kizima kimekubali!

Bosi kaiona video, kafurahi mno. Anasema keshokutwa niende Ngorongo nikawaonyeshe vilevile. Nimemwomba safari hii nivae glavu. Kasema nitaharibu onyesho.