Shuka Nyeupe Nyuma ya Pikipiki ya Tata Idi

Leo nimeaibika mpaka karibu na mochwari. Naandika mapema kabla tantine, shangazi yangu, hajawasimulia kwa namna yake.

Kazi yangu mnaijua: kupima kama fedha za afya zinaokoa watu au zinaishia kwenye vitu vya kung'aa. Mwaka mzima napigania jambo moja. Kwa bei ya gari moja la wagonjwa tunaweza kupata pikipiki kadhaa zenye kigari cha kulaza mgonjwa nyuma, na mama mwenye uchungu huko njia ya Kasaji akafika hospitali akiwa hai. Leo kamati ilikuwa inaamua. Daktari mkuu alikuwa na shaka.

"Mama Mado, nani atakubali kulala mule ndani?"

"Mi mwenyewe," nikajibu. (Mdomo huu utaniua.)

Tukaondoka pamoja kutoka kituo cha afya kilicho njia ya Fungurume, kwenda hospitali mjini Kolwezi. Yeye na kamati yake ndani ya gari, mimi nimelala kwenye kigari nyuma ya pikipiki ya Tata Idi, dereva ambaye ukoo wao wote ni wasafirishaji. Akanifunga mikanda kama gunia la unga. Malori ya shaba yalikuwa kwenye foleni na vumbi jekundu limejaa hewani. Nikajifunika shuka nyeupe ya kituo, kichwa na vyote, nikabakiza viatu tu. Nilijiona nina akili.

Nikachungulia kidogo: tulikuwa tunalipita gari la daktari, limenaswa kati ya malori. Nikacheka peke yangu humo ndani.

Karibu na soko Tata Idi akapunguza mwendo kwa sababu ya mashimo. Nikasikia mwanamke anapiga yowe, wengine wakaitikia. Maskini, nikawaza, wamefiwa. Nikawaombea. (Kweli kabisa, niliwaombea.) Halafu nikasikia maneno.

"Yoo, Mado yetu! Bile bilatu nyekundu, ni mi nilimupatia!"

Alikuwa tantine Kapinga, anayeuza samaki wakavu pale kando ya barabara. Alikuwa anavililia viatu vyangu.

Nikajaribu kuinuka, mikanda ikakataa. Nikachomoa mkono mmoja nimpungie. Hapo ndipo nilipoharibu. Waombolezaji wengine wakatimua mbio, wengine wakazidi kulia, na Tata Idi, aliyesikia kelele bila kujua zinatoka wapi, akaongeza mwendo.

Hospitalini mlinzi akavua kofia. "Pole, tata. Morgue iko kule nyuma."

"Hakufa, iko muzima," Tata Idi akasema. "Ni mama wa hesabu."

Nikatoka kwenye shuka, uso mwekundu kwa vumbi. Mlinzi akarudi nyuma kidogo.

Tantine akaja mbio juu ya pikipiki ya kukodi, na nusu ya soko nyuma yake. Akanikumbatia, akanipiga mgongoni, akanikumbatia tena. Niliona haya, nikatamani kulia. Lakini sikuhangaika mwaka mzima ili nishindwe na shuka. Daktari alipofika hatimaye, karatasi zangu zilikuwa zimeshabandikwa ukutani. Nikasoma hesabu zote mbele ya kamati na wafiwa wangu, sikuruka hata mstari mmoja.

Daktari akamgeukia tantine. "Na wewe, mama, utapanda ile kitu?"

Tantine akajifuta machozi kwa kitenge. "Dokta, Mado alipanda amekufa, akashuka muzima. Mi nitakatala juu ya nini?"

Kamati ikacheka mpaka ikachoka. Pikipiki zimepitishwa.

Narudi nyumbani, nakuta majirani wametoa viti nje, mikeka imetandikwa, bukari, ugali wetu, iko motoni, na kiongozi wa kwaya anaulizia wimbo niliokuwa naupenda. Nikamtajia, nikanawa mikono, nikala. Mkitaka kucheka, chekeni kwa adabu kama watu walio msibani. Mimi nina hesabu mpya ya kupeleka kwenye kamati: habari ya kifo inaipita pikipiki yoyote, na hainywi mafuta.