Hatua Kumi za Kaimu Mkurugenzi

Kwa mujibu wa Waraka Namba Nne, uliobandikwa kwenye kila mlango wa Chuo Kikuu cha Maarifa Tumizi pale Kibaha, ukiwemo mlango wa choo cha wafanyakazi, kuanzia muhula huo hakuna mwanafunzi ambaye angehitimu bila kuihudumia jamii, na hakuna jamii ambayo ingehudumiwa bila kukiri kwa maandishi kwamba imehudumiwa. Ukiri huo ungefanyika kwenye Fomu Namba Saba, kwa muhuri. Aliyeuandika waraka huo, na kuubandika kwa mkono wake kwa sababu mhudumu wa ofisi alikuwa likizo, ni Bwana Ponsiano, Kaimu Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Ujifunzaji kwa Njia ya Huduma kwa Jamii.

Hilo neno "Kaimu" tulielewe vizuri, maana ndilo lililokuwa linamnyima mtu usingizi. Ponsiano alikuwa anakaimu mwaka wa sita. Mke wake, Bertha, akikasirika alimwita "Kaimu" mbele ya mashemeji, na mashemeji wakaitika. Sasa Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Bernard, alikuwa ametamka kwa kinywa chake, kwenye kikao cha chai na sambusa, kwamba Fomu Namba Saba zikirudi zote zikiwa na muhuri, Ponsiano atathibitishwa. Ikikosekana hata moja, nafasi itatangazwa.

Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Kundi la Zegereni lilivihudumia viwanda kwa kuvihesabia mageti. Kundi la Ruvu liliwafundisha wavuvi kuogelea, na wavuvi, watu waungwana, wakajifanya wanazama ili wanafunzi wapate alama. Ikabaki fomu moja tu, ya kijiji cha Mng'ongoni, Kisarawe, ambako wanafunzi sita wakiongozwa na Aneth, binti wa mwaka wa mwisho, walikuwa wamepelekwa kufundisha kunawa mikono.

Tusiwe wepesi wa kucheka. Mng'ongoni kilichaguliwa kisayansi. Kilikuwa kimeshafundishwa kunawa mikono mara tano na taasisi mbalimbali, kwa hiyo wananchi wake walikuwa wazoefu, hawasumbui. Kila nyumba ilikuwa na kibuyu chirizi, kile kidumu kinachoning'inizwa kwa kamba, ukikanyaga kijiti kinakumwagia maji. Nyumba nyingine zilikuwa navyo vitatu, na kimoja cha Mzee Bilali kuku alikuwa ameshataga ndani yake. Kilichokosekana ni maji ya kutia humo, lakini maji hayakuwemo kwenye Orodha ya Matatizo Yaliyoidhinishwa, na Kurugenzi haikutaka kukurupuka.

Jumatano, siku tatu kabla Makamu Mkuu hajaenda Mng'ongoni kukabidhiwa fomu hiyo ya mwisho mbele ya kamera, Aneth alipiga simu.

"Shikamoo, mkurugenzi."

"Marahaba. Kaimu," akasahihisha, maana ni mtu wa taratibu. "Unawaji umefikia wapi?"

"Hatujaanza. Tunachimba mtaro."

Ponsiano akakaa chini, ingawa alikuwa amekaa tayari. Aneth akaeleza haraka haraka, kama mtu mwenye salio kidogo. Watu wa maji wameleta mabomba, yamelazwa barabarani kwenye tangi. Wananchi wanatakiwa kuchimba mtaro wenyewe mpaka kijijini, na kila anayejiandikisha anapimiwa hatua kumi. Zimebaki hatua mia mbili, tena za kwenye mawe. Fundi amesema mtaro usipofika mwisho Jumamosi jioni, Jumapili anapakia mabomba yake anayapeleka kijiji kingine. Kwa hiyo wanafunzi wote sita wamejiandikisha.

"Nani ameliidhinisha hilo tatizo?" Ponsiano aliuliza.

"Lilikuwepo tu, mkurugenzi. Tumelikuta."

"Aneth, binti yangu, tatizo halikutwi. Tatizo linabainishwa, linawasilishwa, linajadiliwa, ndipo linakuwepo. Mkiacha kunawisha, hakuna fomu. Hakuna fomu, hakuna kuhitimu. Nakuja."

Alhamisi asubuhi gari la chuo lilimpitia nyumbani kwake Kongowe, likiwa limebeba bango la mita nne lililoandikwa MNG'ONGONI TUMENAWA. Njia nzima aliyapanga maneno makali. Alipofika, kwenye baraza la ofisi ya kijiji alikuta meza, na juu ya meza daftari kubwa limefunguliwa, na kalamu katikati.

Sasa hapa lazima tumtetee. Kiongozi akiona daftari limefunguliwa mezani, anasaini. Hajiulizi. Ndivyo alivyolelewa. Katika utumishi wake Ponsiano alikuwa amesaini vitabu vya wageni mia na ushee, vitabu vya maombolezo vya watu asiowajua, na siku moja, kwenye zahanati fulani, alijisajili chanjo ya surua ya watoto. Akainama, akaandika jina, akaandika cheo chake chote mpaka kikaingia mstari wa pili, na kwenye safu ya maelezo akaandika kwa mwandiko wa kulala: "Kujumuika na wananchi."

"Karibu sana, baba," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Bi Mwamini Mwishehe, mwenyekiti wa kijiji, mama wa miaka sitini hivi, khanga kiunoni, matope mpaka magotini. "Nimeona gari lina maandishi. Mmenawa wapi?"

"Mtanawa nyie, Mama Mwenyekiti. Mimi ndiye Kaimu Mkurugenzi."

"Mkurugenzi mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo. Nafasi iko wazi."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Basi haiko wazi, baba. Umeikalia."

Ponsiano akaona mazungumzo yanapotoka, akawaita wanafunzi. Walikuja wote sita, wekundu kwa vumbi. Hashiru, kijana wa uhandisi, alikuwa amejifunga fulana kichwani.

"Vipi hapa?" Ponsiano aliuliza kwa ukali.

"Freshi tu, mwalimu. Tumepiga hatua arobaini. Jiwe la jana lilikuwa noma, ila limeng'oka."

"Acheni sululu. Kuanzia sasa mnafundisha kunawa."

"Wanawe na nini, mkurugenzi?" Aneth aliuliza. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa, na alijua anahatarisha kuhitimu kwake. Mama yake alikuwa ameshanunua kitambaa cha kushonea nguo ya mahafali, kila mtu kwenye kundi aliijua habari hiyo.

"Kwa nadharia. Mama Mwenyekiti, naomba muhuri wako, tumalize."

Bi Mwamini akafungua fundo la khanga, akatoa muhuri, akaushika bila kuugonga popote. "Muhuri huu hapa. Lakini wewe umejiandikisha."

"Nimesaini kitabu cha wageni."

"Cha wageni kiko kabatini, kinaliwa na mchwa." Akaligeuza lile daftari, jalada likaonekana: DAFTARI LA MSARAGAMBO. "Hii ni kazi ya pamoja ya kijiji, hapa ni kuchimba. Na sheria yetu ndogo, aliyejiandikisha bila kuchimba hahudumiwi na ofisi hii, na jina lake linasomwa mkutano wa hadhara pamoja na cheo. Chako ni kirefu, sijui kama tutamaliza mkutano."

"Mama, mimi niko kwenye ziara ya kikazi!"

"Si ndiyo kazi yenyewe? Umeandika hapa, kujumuika na wananchi. Fungu lako linaanzia kwenye mkorosho wa Maulida."

Alilalamika. Alitoa Waraka Namba Nne mfukoni ili amwonyeshe mamlaka yake, akasoma kwa sauti, akafika aya ya tatu, akajikuta anasoma kwamba "jamii ndiyo yenye kauli ya mwisho." Aliikumbuka aya hiyo. Alikuwa ameiweka kwa sababu inasikika vizuri.

Basi Ponsiano akachimba, tena kwa kufuata utaratibu. Kwanza alitembelea eneo la mradi. Kisha akalikagua. Kisha akauliza kama kuna mtu wa kumshikia koti. Hatua ya kwanza ilimchukua saa nzima.

"Mwalimu, sululu usiibane hivyo," Hashiru alimwambia kwa upole. "Itakula viganja. Iachie ianguke yenyewe, wewe iongoze tu."

"Nakushukuru kwa maelekezo," alisema Kaimu Mkurugenzi.

Kufikia hatua ya tatu alikuwa amevua tai. Ya nne akaacha kutoa hotuba. Maulida, yule mwenye mkorosho, alimletea chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, akasimama anamtazama, akasema, "Wewe umesoma mpaka wapi?" Ponsiano akamwambia. "Haya," Maulida akasema, "chimba." Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, jambo lililomshangaza hata dereva wake.

Alimaliza Ijumaa alasiri. Bi Mwamini akapima kwa miguu yake mwenyewe, akamrudisha kuongeza kina hatua ya sita, akapima tena, akafungua daftari akaandika: "Ponsiano. Amemaliza." Basi. Ponsiano aliyasoma maneno yale mara tatu. Hapakuwa na Kaimu. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwandikia kwamba amemaliza kitu, na kusema kweli alitaka kulia, akasingizia vumbi.

Lakini zilikuwa zimebaki hatua mia moja na thelathini, na watu walikuwa wamekwisha. Kila kaya ilikuwa imechimba fungu lake mara mbili. Mzee Bilali mgongo ulikuwa umekataa. Aneth alikaa ukingoni mwa mtaro, akayahesabu mawe kwa macho.

"Fomu utagongewa, mkurugenzi, umeshachimba," alisema. "Sisi pia tutahitimu. Ila keshokutwa mabomba yanaondoka. Tutakuwa tumehitimu kwa mtaro mkavu."

Ponsiano alijisikia vibaya, na hilo nalo halikuwemo kwenye Orodha.

Jumamosi saa nne msafara wa Makamu Mkuu uliingia, magari matano, taa zinawaka mchana kweupe. Akashuka Profesa Bernard, suti ya kijivu, na nyuma yake viongozi kumi na wawili kwa mpangilio wa vyeo, wa mwisho akiwa Mkuu wa Itifaki, ambaye kazi yake ni kuzuia makosa. Barazani palikuwa na meza. Juu ya meza palikuwa na daftari kubwa limefunguliwa, na kalamu katikati. Bi Mwamini alikuwa amesimama pembeni, ametulia kama mtu anayesubiri ugali uive.

Ponsiano aliliona. Neno moja tu lingetosha. Angesema, "Profesa, hilo silo," na angekuwa ameokoa suti, na uteuzi wake ungekuwa mfukoni kabla ya chakula cha mchana. Akamtazama Makamu Mkuu, mkono tayari kwenye kalamu. Akamtazama Aneth, viganja vimefungwa vitambaa. Akasogea mbele, akainama kwa heshima.

"Profesa," akasema, "tafadhali, cheo kiandike kirefu."

Profesa akaandika kirefu. Akafuata Msajili, ambaye hangekubali jina lake likosekane pale lilipo la mkubwa. Wakafuata wakurugenzi, wakuu wa idara, na Mkuu wa Itifaki akasaini wa mwisho, akaweka na nukta. Jumla watu kumi na watatu.

"Sasa," Profesa Bernard alisema, akitafuta kamera, "fomu iko wapi?"

Ponsiano akaingia ofisini, akatoka na sululu, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Fungu lako linaanzia pale kwenye kisiki, Profesa. Usiibane sana, itakula viganja."

Palikuwa na majadiliano. Palitajwa wanasheria. Lakini Bi Mwamini alianza kujaribu kipaza sauti cha mkutano wa hadhara, na kamera zilikuwa zimeshawashwa, na mpiga picha wa chuo akapaza sauti, "Profesa, hapo hapo, inua kidogo!" Profesa akainua. Kitu kikiinuliwa mbele ya kamera lazima kishuke, kikashuka kwenye jiwe. Viongozi walipoona mkubwa anachimba, waligombania sululu zilizobaki. Mkuu wa Itifaki alichimba kwa mikono mpaka Hashiru alipomwazima jembe. Jua lilipokuwa linazama mtaro ulifika kijijini, fundi akaufuata na bomba la kwanza begani, akinamama wakapiga vigelegele, na Bi Mwamini akaigonga Fomu Namba Saba juu ya mgongo wa Mzee Bilali, ambao angalau kwa kazi hiyo haukukataa.

Jumanne maji yalitoka. Aneth alinawa mikono mbele ya kijiji kizima, akafuatwa na wengine, na somo likawa limefundishwa.

Picha ya Profesa na sululu ilizunguka kwenye simu za watu, akasifiwa mpaka akashindwa kukasirika. Hata hivyo aliagiza uandaliwe Waraka Namba Tano: ni marufuku kwa kiongozi yeyote kusaini kitabu au karatasi yoyote bila kuisoma kwanza. Kazi ya kuuandika alipewa Ponsiano, ambaye kwa kelele za sifa kila mtu alisahau kumthibitisha.

Aliuandika kwa uaminifu, akishika kalamu kwa vidole viwili kwa sababu ya malengelenge. Aya nane za kwanza zilihusu marufuku hiyo. Aya ya tisa ilisema kila kiongozi wa chuo atachimba hatua kumi katika kijiji atakachopangiwa, kila mwaka, bila kuwakilishwa. Aya ya kumi ilikuwa fupi, ilisema neno "Kaimu" kwenye cheo cha mwandishi limefutwa tangu leo. Akaupeleka ghorofani. Profesa Bernard alikuwa kwenye simu, anaeleza mtu namna ya kushika sululu. Akauvuta waraka, akaukunjua ukurasa wa mwisho.

"Nisaini wapi?"

"Hapa chini, Profesa," Ponsiano akamwambia. "Cheo kirefu."